Uzio wa Upande Mmoja: Odile Massereau na Mialoni ya Kitalu Namba Saba

Kama si mimi, msitu huu leo ungekuwa shamba la ngano. Natangulia kusema hivyo ili msomaji ajue kwamba kazi ya kumuaga mwenzetu imepewa mtu mwenye uzito wake, mimi Gilles Rabouin, ambaye kituo kizima cha misitu, bosi akiwemo, huniita Mjomba. Shule sikuimaliza, lakini miti haiulizi vyeti. Tarehe 30 Juni Odile Massereau anastaafu baada ya miaka arobaini na moja ya kutunza mialoni michanga hapa Berry, katikati ya Ufaransa. Ishirini na saba kati ya hiyo ameifanya akiwa ubavuni mwangu, kwa hiyo hata sifa zake nusu ni zangu.

Odile aliingia kazini akiwa na miaka ishirini na moja. Walitaka kumweka chumba cha kuhesabu mbegu, akaomba msumeno. Kabla ya kupogoa mti huuzunguka mara tatu, mikono nyuma, kama mtu anayenunua ng'ombe. Kisha yanaanza maswali. Kilele hiki kimegawanyika tangu lini? Tawi hili lilikatwa na nani, na mbona amekwangua mpaka kwenye shina? Yeye hukata nje kidogo ya ule mkunjo wa gome, na tawi halingoji linenepe kupita kidole gumba. Baada ya miaka mitatu hurudi kwenye mti uleule kutazama tu kama kidonda kimefunga.

Mialoni yetu hukatwa ikiwa na miaka mia na themanini, ikawa mapipa ya mvinyo ambao hakuna hata mmoja wetu atakayeuonja. Nilimuuliza siku moja anahangaika kwa ajili ya nani.

"Sitaki mtu aje kupasua ubao," akasema, "akute fundo, aseme, ni mpumbavu gani alishika msumeno hapa."

Sasa tufike Kitalu Namba Saba. Ile tufani kubwa ilipolaza msitu mzima (mti mmoja niliuzuia kwa bega usiangukie gari la bosi), tulipanda pale mialoni elfu moja na mia mbili. Mwaka wa tano ilikuwa bado inatufika magotini. Kila majira ya kuchipua, vilele vilikuwa vinaliwa, ingawa jani la mwaloni ni chungu, na miti ikawa kama mafagio. Bosi wetu, Bwana Vauzelle, akatangaza kwamba ataing'oa yote apande misonobari.

Odile akataka kwanza kujua mlaji ni nani. Si sungura, alituonyesha, maana sungura hukata kama kwa kisu, na hapa vijiti vilikuwa vimechanwa. Ni mnyama asiye na meno ya mbele juu.

"Paa," nikasema.

Akapima kwa kamba kila palipoumwa, hata kwenye vichaka virefu vya pembeni, juu ya vifua vyetu, akaandika kwenye daftari lake. "Mjomba, paa wa hapa siku hizi wanasimama kwa miguu miwili?"

Nikajitolea kuvizia. Siku tatu nililala kwenye magugu, chakula changu mkate mmoja wa viazi, na nikamwona: paa dume, mkubwa kama ndama, anachechemea mguu wa kushoto. Bosi alimwandika kwenye ripoti. Wawindaji walimtafuta misimu miwili.

Wiki hizohizo, saa tatu asubuhi tukiwa tunakula, Odile alitafuna jibini ya mbuzi wa mke wangu polepole kuliko kawaida.

"Ya safari hii ina uchungu kidogo, Mjomba."

"Ni chumvi hiyo."

"Chumvi haina uchungu," akasema, akaomba kipande kingine.

Februari akamwendea bosi na wazo lake: kuikata yote mpaka chini, ibaki kisiki cha urefu wa kidole.

"Yaani unawaua wagonjwa ili wapone?"

"Kilichoharibika ni cha juu, bosi. Mizizi ina miaka mitano na ni mizima. Isipochipua, wewe panda misonobari yako, na mimi nipeleke ofisini."

Mnaomfahamu Odile mnajua ofisi kwake ni sawa na kufungiwa kabatini. Tulikata kwa siku kumi na moja. Mimi peke yangu nilikata elfu moja, labda na ushee.

Waya wa uzio ulitosha upande mmoja tu. Sote tulitegemea atauweka upande wa msituni, wanakotokea paa. Akauweka upande wa barabara, unaotazama nyumba ya mwisho ya kijiji, ambayo ni yangu.

"Odile, hao paa wako watakuja kwa baiskeli?" vijana wa kikosi wakamcheka.

"Tuone tu."

Aprili ikapita, visiki vimenyamaza. Miti mingine yote ilikuwa kijani. Bosi alikuja kila Jumatatu, mikono mfukoni, akatazama, akaondoka. Katikati ya Mei Odile alisafisha sanduku lake la vifaa, akapaka mafuta mkasi wake na kuufunga kwenye kitambaa, kama mtu anayekabidhi. Tarehe ishirini na tatu nilimkuta amepiga magoti kitaluni. Kisiki kilikuwa kimetoa machipukizi manane, mekundu, laini kama masikio ya panya. Na cha pili. Na cha mia. Majira ya baridi yaliyofuata, tulipochagua chipukizi moja kwa kila kisiki na kuondoa mengine, lilikuwa limepita urefu wa mtoto wa shule, na hakuna kilele hata kimoja kilichoumwa.

"Paa wamekwenda wapi?" bosi akauliza.

"Wamekuta uzio," Odile akajibu. Mimi nikaenda kunoa msumeno.

Leo mialoni ile ina mita tisa, imenyooka, shina safi mpaka mita nne, na watu wa misitu mingine huja kuitazama.

Odile, kituo kizima kinakushukuru. Ukapumzike vizuri, ule ushibe, na ukipita chini ya mti wenye kilele kilichogawanyika, jaribu kuendelea na safari yako.

Karatasi bado ina nafasi, basi niandike na hili. Yule paa anayechechemea hakuwepo. Ni mbuzi wetu kumi na mmoja, niliokuwa nawafungulia mchana nyasi za nyumbani zikiisha. Najua ulijua tangu ile kamba yako. Miaka kumi na minane umekula jibini kwetu, na hujawahi kunitaja kwa mtu.

Ile siku haikuwa chumvi.