Viatu Ambavyo Sikumnunulia Neema

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe hapa mbele, na asifiwe huko nyuma karibu na mlango, mahali mnapenda kuketi ili mtoroke kabla ya matangazo! Leo hakuna kutoroka. Mimi ni Rhoda, Mama Neema. Wengi wenu mliniombea nikienda Saudia, na tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza kwa nini nikiona mtoto ameinamia simu peke yake namkalia kama askari. Mchungaji amenipa dakika chache, lakini ananijua, ndiyo maana mnamwona amejiegemeza vizuri kwa kiti.

Ndugu zangu, mimi niliondoka miaka ile ambayo kila boma hapa lilikuwa na mtu anayetafuta pasipoti. Maajenti walikuwa wanatufuata mpaka sokoni. Baba Neema alikuwa ameshatuacha, Mungu amrehemu, na karo haijui kama mtu amefiwa. Nikamwachia mama yangu mtoto, nikapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, nimeshikilia kiti kwa mikono yote miwili utafikiri ni mimi ninayeibeba hiyo ndege.

Niliwekwa katika nyumba moja Riyadh. Madam wangu alikuwa mwalimu, mtu wa maneno machache. Hakunipiga na hakuninyima chakula, na mimi namshukuru Mungu kwa hilo, maana nimeketi na dada zetu waliopitia mambo ambayo siwezi kuyasema mbele ya watoto. Lakini simu yangu ilikaa kwenye droo yake. Niliipata Ijumaa baada ya chakula cha mchana, na kabla jua halijatua inarudi. Kwa hivyo nilikuwa mama wa Ijumaa. Siku nyingine zote mtoto wangu angeweza kuumwa, kucheka, kulia, na mimi sijui lolote. Kanisa langu lilikuwa bafuni. Nafungua bomba ili sauti isitoke nje, namwita Yesu.

Sasa niwaeleze jambo moja ambalo kila aliyefanya kazi kule analijua. Mwenzetu akimaliza mkataba, harudi na mizigo yake pekee. Huyu anampa nguo za mtoto, yule anampa sabuni na manukato, mwingine blanketi. Akifika Kenya, anapigia watoto wetu simu mmoja mmoja: "Mimi nimetoka Saudia, niko na mzigo wa mama yako, kuja stage ya matatu uchukue." Na mtoto anaenda! Anakutana na mtu ambaye hajawahi kumwona, anapokea, anashukuru, anarudi nyumbani akiruka. Neema alipata simu yake kwa njia hiyo hiyo, ndiyo tuonane kila Ijumaa. Na tukitaka mtu wa kutubebea, tunaandika kwenye makundi yetu ya Facebook: nani anaenda nyumbani mwezi huu, nina mzigo wa mtoto wangu, anaitwa fulani, anakaa mahali fulani, namba yake ni hii. Na mimi niliandika. Nikaweka na picha yake akiwa na yunifomu, vile nilivyokuwa najivunia mtoto wangu. Nani angeona ubaya hapo? Tulikuwa tunatafuta mkono wa kutufikishia upendo, basi.

Mwenyezi Mungu ana njia zake. Alianza kunifundisha kwa mtoto wa wenyewe.

Madam alikuwa na binti wa mwisho, anaitwa Jood, msichana wa darasa la tatu hivi. Nilimpenda huyo mtoto. Lakini wacha niwaambie ukweli, yaya wa Jood sikuwa mimi, yaya alikuwa tablet. Anakula akiiangalia, anaoga ikiwa imeegemezwa kwenye sinki, ukiichukua analia mpaka anatapika. Nilikuwa namwambia, "Jood, yalla, haya, tukacheze," ananiangalia kama mtu aliyeamshwa usingizini. Likizo yao ya joto ilipofika, familia ilihamia Jeddah karibu na bahari. Mnaweza kufikiri watoto walienda baharini? Jood alikuwa chini ya meza ya chakula na tablet yake, mchana kutwa, watu wazima wamelala kwa sababu ya joto.

Siku moja nilikuwa nafagia hapo nikasikia sauti ya mwanamume mzima inatoka kwenye ule mchezo wake. Inamsifu. Jood mrembo, Jood hodari. Kiarabu changu ni cha jikoni, lakini kufikia hapo kilikuwa kinatosha. Kisha ile sauti ikamwambia, "Nitumie picha yako ukiwa bafuni. Usimwambie mama." Hayo maneno ya mwisho niliyajua sana, maana Jood mwenyewe aliniambia hivyo kila alipovunja kikombe!

Ndugu zangu, ufagio uliniponyoka. Lakini sikilizeni shida yangu. Kule, mfanyakazi akisema neno baya juu ya mtoto wa nyumba, swali la kwanza ni: wewe ndiye umemfundisha? Aliyekuwa kabla yangu alirudishwa ofisini kwa ajenti kwa kosa dogo kuliko hilo, na ofisini ni mahali unaketi hujui kesho utapelekwa wapi. Nikaenda kwa kanisa langu, nikafungua bomba. Nikasema, Bwana, ningekuwa mimi ndiye ninalala na mtoto wangu yuko chini ya meza, ningetaka mtu aniamshe. Nikatoka, nikagonga mlango wa madam.

Nilimweleza kwa Kiarabu changu kilichovunjika na kwa mikono. Alienda mbio, akanyakua ile tablet, akasoma jumbe zilizokuwa ndani ya ule mchezo. Uso wake ukabadilika. Akanielekeza jikoni kwa kidole. Basi nikajua ni halas, kazi imeisha. Nilipanga nguo zangu kwa begi. Siku zilizofuata hakuna mtu aliniongelesha. Halafu asubuhi moja akaja jikoni, macho yamevimba, ameshika simu yangu. Akaniwekea kiganjani, akakifunga kiganja changu kwa mkono wake. Akasema, "Inti mama, ana mama." Wewe ni mama, mimi ni mama. Akaenda zake. Tangu siku hiyo simu haikurudi kwenye droo tena.

Mpeni Bwana sifa! Maana hamjui bado alichokuwa anapanga.

Tulirudi Riyadh. Huku nyumbani ilikuwa likizo ya Agosti. Ilikuwa Alhamisi, si Ijumaa, muisikie vizuri hiyo, Alhamisi alasiri, nakata vitunguu, simu ikalia mlio wa ujumbe. Ni Neema. Anaandika: "Mum, hivyo viatu umeninunulia ni size gani? Mguu umekua. Usijali ni surprise najua hahaha. Niko njiani naenda kuchukua mzigo."

Kanisa, mimi sikuwa nimenunua viatu! Sikuwa nimetuma mzigo! Mwezi huo nilikuwa sijampa mtu yeyote hata kipande cha sabuni.

Nikamjibu, jibu halifiki. Nikapiga, hapatikani, bundle zake za intaneti zilikuwa zimeisha. Nikarudi kuusoma tena ule ujumbe, na hapo kwa "surprise" ndipo nilipokwama. Surprise maana yake nini? Maana yake kuna mtu amemwambia usimwambie mama. Yalikuwa maneno yale yale! Kama singeyasikia Jeddah chini ya meza, mimi Rhoda ningefikiri labda ni rafiki yangu ananifanyia wema. Ningeendelea na vitunguu vyangu. Neema alikuja kunieleza baadaye kwamba huyo mtu alikuwa amemwandikia wiki nzima. Alijua jina langu, alijua shule yake, alimwambia tulifanya kazi pamoja na kwamba mimi hulia nikimtaja. Na hilo la kulia lilikuwa kweli, kwani ni mama gani kule halii? Kutupata si kazi ngumu, tulikuwa tumejianika wenyewe.

Nikaketi sakafuni. Madam akaingia kutafuta chai, akanikuta pale. "Eish fi, kuna nini, Rhoda?" Nikamwambia, binti yangu, mtu, simu, kama Jood. Hayo tu. Hakuniuliza la pili. Alitoa simu yake, maana yangu haikuwa na salio la kupiga nje, akasema, "Piga. Piga yalla!"

Nikajaribu namba ya Neema, imezimwa, nikampigia mama yangu. Sasa mnamjua mama yangu. Mwanamke huyu huzima simu yake ya kabambe kila akiingia maombi, na akiona yako inalia atakukemea mbele ya watu. Siku hiyo alisahau kuizima! Ikalia katikati ya maombi ya kina mama, hapa hapa ndani, na ninasikia mke wa mchungaji alimwangalia jicho moja hilo. Mama akapokea kwa kunong'ona akiwa amepiga magoti.

"Mama, Neema yuko wapi?"

"Amepeleka kitabu kwa rafiki yake. Mbona unalia?"

"Mama, amedanganywa kuna mzigo. Kuna mtu anamngoja stage. Kimbia!"

Mama yangu ana miguu mibaya, hawezi kukimbia. Lakini alipiga kelele, na Mama Zipora, aliyekuwa anaongoza maombi siku hiyo, akasema maneno ambayo nitayaandika kwa ukuta wa nyumba yangu: "Kina mama, amina tutasema tukirudi." Wakainuka wote! Vitambaa vyeupe kichwani, wengine bila viatu, wakateremka huo mteremko kuelekea stage. Waendesha boda waliacha wateja wakafikiri kanisa linaungua.

Mimi niko Riyadh sakafuni. Simu ya mama ilibaki wazi, nasikia upepo na miguu na watu wakiitana, halafu ikakatika. Madam akaketi chini kando yangu, yeye na nguo zake nzuri, kwenye vigae vyenye maganda ya vitunguu. Akaanza kuomba kwa lugha yake. Na mimi naomba kwa yangu, kwa sauti kubwa, bila bomba! Jood akatuletea maji, akasimama pale akitushangaa. Niliogopa, ndugu zangu. Sijawahi kuogopa hivyo hata siku ya kumzika Baba Neema. Nilimwambia Mungu, nimekuja huku kwa ajili ya huyo mtoto, ukimwacha aende, nilikuja kufanya nini?

Huku, Neema alikuwa amesimama kwenye mlango wa gari uliofunguliwa, karibu na posho mill ya kusagia unga. Mtu wa ndani anamwambia viatu vimebaki nyumbani, si mbali, ingia tuvichukue. Alikuwa ameweka mguu mmoja ndani. Kisha akasikia jina lake. Si sauti moja, ni sauti za kina mama wa kanisa zima: "Neemaaa!" Aliporudisha mguu nje kuangalia, lile gari liliondoka kwa kasi na mlango ungali wazi. Mpaka leo hatujui alikuwa nani.

Simu ya madam ikalia. Ni mama yangu, anahema. Akasema, "Tunaye." Nilipomwonyesha madam kwa ishara kwamba mtoto amepatikana, alinikumbatia. Madam wangu! Tulilia pale kama wanawake wa kijiji kimoja.

Haleluya!

Wengine mlishauri Neema achapwe. Nilikataa kutoka huko mbali. Nilisema, mtoto huyu ameokoka kwa sababu aliniuliza swali la viatu. Mkimchapa leo, siku nyingine hataniuliza. Badala yake tulikaa kwa simu, mimi, yeye na nyanya yake, tukaongea mpaka aibu ikamtoka. Nikafuta picha zake zote nilizoanika. Tukakubaliana simu inalala chumba cha nyanya, na hakuna mzigo unachukuliwa kabla mimi mwenyewe sijamwambia kwa sauti yangu ni nani ameubeba. Akanuna siku mbili tatu, akazoea. Watoto hununa, wazazi. Hawafi kwa kununa.

Simu si shetani. Ningemwonaje mtoto wangu bila simu? Lakini tunawapa watoto mlango unaofunguka kwa dunia nzima, kisha tunaenda kulala. Wengine tuko Riyadh, wengine tuko Nairobi, na wengine tuko hapa hapa kitandani na mtoto yuko sebuleni, tuko mbali vile vile. Nawasihi, leo kabla ya chakula, keti na mtoto wako, umwulize kwa upole kama kuna mtu amewahi kumwambia akufiche jambo. Ukishauliza, nyamaza. Usikemee, hata ukisikia la kukuvunja moyo.

Na kama mtoto wako yuko mahali ambapo mkono wako haufiki, usikate tamaa. Mwamini Yesu, yeye mkono wake unafika. Mimi nilimwomba anitumie malaika. Sikuona mabawa. Niliambiwa tu kuhusu vitambaa vyeupe na miguu mitupu, na nimengoja mpaka nirudi nyumbani nizione sura.

Neema mwanangu, simama hapo ulipo. Sasa kina mama mlioteremka siku ile, nanyi simameni, hata wewe mama na magoti yako. Mlitoka hapa bila kusema amina, na mpaka leo nasikia haijasemwa. Kanisa lote, tuiseme pamoja nao.

Amina!