Rais wa Robine

Kwenye benchi ya Mama Kadidja, pale Keshero chini ya mlima wa volkano, kahawa ya tangawizi ilikuwa inamiminwa na mazungumzo yameshapamba moto. Mchana huo mtaa ungemchagua rais wa komite ya robine, bomba la maji la mtaa, yule wa kushika ufunguo na kuangalia mabomba. Wagombea walikuwa wawili, Janvier na Havugimana. Sibomana, anayeitwa Shemasi hata na mkewe, alikaa roho juu. Alikuwa amewatangazia mama arobaini wa kikundi cha sala kwamba Mungu amemwonyesha Janvier. Kusema kweli hakuonyeshwa kitu. Alipenda tu namna Janvier anavyoomba.

— Havugimana anakunywaka bia, alisema Jumaine, motari wa pikipiki wanayemwita Sans Frein, yaani Bila Breki. Siye Baislamu hatuwezi kumupigia kura.

— Na siye ba kanisa hatuwezi! Shemasi alidakia, akampa mkono. Dini zao hazijawahi kupatana namna ile.

Muzee Twahiru, mwalimu mstaafu anayeandika kila kitu na kuitwa Proseverbal, alitoa kalamu.

— Janvier alifunga siku saba. Tumbo yenye imezoea njaa, itakula nini ya batu?

— Akiomba, tiyo ya maji yenye kupasuka itajifunga yenyewe, alisema Shemasi.

— Na volkano itageuza njia! alisema Sans Frein.

— Itapita wapi? aliuliza Proseverbal.

— Kwa benye kukunywa!

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Hapo akafika Alliance, mmoja wa wale mama arobaini, bidon ya maji ya ziwa mgongoni. Robine ilikuwa kavu tangu juzi.

— Papa Shemasi, siku ile tiyo ilipasuka na mvua, ulienda kugonga kwa nani?

Shemasi alikumbuka vizuri, na aibu ikampanda. Janvier alikuwa ameinua mikono dirishani, akiomba. Aliyelala kwenye tope mpaka bomba likashika ni mwingine, tena akinuka bia.

— Kwa Havugimana, alisema polepole.

— Na sasa hivi, nani eko anachimba kule juu, atafute fasi maji imefungia?

— Ni yeye tu, mama.

— Basi kura yetu tumupe nani?

Sans Frein aliangalia pikipiki yake. Proseverbal alifunika kalamu. Alliance alingoja, bidon ikimlemea, maana kikundi kizima kilimtuma. Shemasi alifungua kinywa kusema kwamba Mungu amemwonyesha, lakini safari hii akaogopa: huenda Mungu anasikiliza.