Mwenye Shati Hili Yuko Wapi?

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wateja wake mliokuja na mashati aliyoyapiga pasi kwa mkono wake: huu ni wasifu wa mama yetu, dobi aliyejulikana mitaa yote kwa jina la Bi Uzi. Unasomwa na bintiye wa pili kwa niaba ya familia. Marehemu aliacha maagizo mawili juu ya wasifu huu. La kwanza, usiwe mrefu, maana watu watakuwa wamesimama juani. La pili, usiwe na uongo, maana uongo juu yake, alisema, umeshachapishwa wa kutosha.

Alizaliwa tarehe tisa mwezi wa tatu, miaka kumi na tisa kabla ya bendera kubadilishwa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la zamani. Mama yake alikuwa dobi, baba yake mpagazi wa stesheni. Walizaliwa wawili tu. Aliyemtangulia ni kaka yake, aliyekuja kuwa fundi baiskeli na kuitwa Spoki, kwa kazi yake na kwa wembamba wake. Spoki alimbeba mgongoni, akamfundisha kupiga mluzi, na siku dada mtu alipoangusha kapu zima la nguo safi kwenye tope, Spoki ndiye aliyejitokeza mbele ya mama yao akasema, "Ni mimi." Mama yao hakuwa mjinga. Aliwachapa wote wawili.

Marehemu alisoma hadi darasa la sita katika shule iliyokuwa kando ya reli. Hakuacha kwa kupenda. Asubuhi moja wanafunzi walifika wakakuta askari wa serikali ya kikoloni wamejaza masanduku ya risasi darasani na wanachemshia chai kwa kuni za madawati. Vitabu vya historia vina sura nzima juu ya vita vile. Sura hiyo ina ramani, ina mishale, ina majina ya makamanda wa pande zote mbili na vyeo vyao. Madawati hayamo, wala waliokuwa wakiyakalia.

Basi akashika beseni. Kazi ya udobi aliirithi kwa mama yake, akaipenda, na akaiwekea sheria zake. Wateja wengi walivaa mashati yanayofanana, kwa hiyo kila mteja alikuwa na alama yake ndani ya ukosi: mishono ya uzi, kila mtu na rangi yake. Karani wa posta alikuwa kijani. Mwalimu mkuu alikuwa zambarau, na alilalamika, na akabaki kuwa zambarau. Spoki alikuwa mwekundu, mishono mitatu. Mtu akipita barabarani, marehemu hakusema "yule bwana fulani." Alisema, "Kijani huyo, na leo hajachomekea."

Wakati wa vita alifua za kila mtu. Za maofisa wa kikoloni alifua kwa malipo, kwa sababu watu hula. Za wapiganaji wa uhuru zilimfikia chini ya mafungu ya mboga, na hizo alifua bure, kwa sababu uhuru aliutaka. Tunalisema hili wazi asije mtu kesho akauliza familia hii ilikuwa upande gani. Askari walipokuta mashati mawili yenye damu kwenye beseni lake, walimchapa viboko uani kwake, mbele ya mama yake. Kovu lile amekwenda nalo kaburini.

Miezi michache kabla vita havijaisha, wapiganaji walikuja mchana kweupe kwa Spoki. Walikuwa na baiskeli nyingi mbovu na hawakuwa na fundi.

"Siku mbili tu, dada," mkubwa wao alimwambia marehemu. "Tukimaliza tunamrudisha."

"Na asipotaka?"

Mkubwa yule aliitazama bunduki yake, akaitazama barabara. Spoki alikuwa na mashati mawili ya manjano, yaliyoshonwa kwa kitambaa kimoja. Moja lilikuwa mwilini, la pili lilikuwa kambani linadondosha maji. Alichukua spana zake akasema, "Hilo likikauka lipige pasi. Nikirudi nilikute." Kitabu kinachosomwa na wajukuu zetu kinasema kwamba katika kipindi hicho "wananchi walijitolea kwa hiari mali na ujuzi wao." Spoki hakujitolea. Alitolewa. Kama angeombwa kiungwana huenda angekwenda mwenyewe, tena akipiga mluzi, lakini hilo hatutalijua kamwe, kwa sababu hakuombwa.

Hakurudi. Siku ya ukombozi malori ya wapiganaji yalipita barabara kuu, mji mzima ukatoka, na marehemu naye akatoka. Alilichukua lile shati lililobaki, limepigwa pasi, akapanda juu ya kreti la soda, akalishika mabegani na kuliinua juu kabisa, ukosi umegeuzwa nje ili uzi mwekundu uonekane. Akapaza sauti: "Mwenye shati kama hili yuko wapi? Fundi baiskeli! Mwembamba! Nani kamwona?" Kelele zilikuwa nyingi. Waliokuwa kwenye lori walidhani anawashangilia, wakampungia. Mmoja alimrushia busu. Na kando ya barabara alisimama mpiga picha mwenye kamera.

Miaka mitano baadaye marehemu aliolewa na seremala, baba yetu. Alikuja mara ya kwanza na shati lenye gundi. Akarudi wiki iliyofuata na shati lilelile lina gundi zaidi. Mara ya tatu marehemu alimwambia, "Bwana, sema unachotaka, sabuni ni ghali." Waliishi pamoja kwa mapatano na mabishano hadi baba alipotutangulia. Baba ndiye aliyetengeneza kabati ambalo shati la manjano lilining'inizwa peke yake. Kila alipomaliza nguo za wateja, mama alilitoa, akalisuuza, akalianika, akalipiga pasi. Ukosi ulipochakaa aliugeuza, na mishono mitatu akaishona upya. Baba hakuwahi kumuuliza mpaka lini, na kwa hilo tunamshukuru.

Dada yetu mkubwa alikuwa darasa la tano aliporudi nyumbani na kitabu kipya cha historia, akikimbia. "Mama, umo kitabuni!" Kweli alikuwamo. Ukurasa mzima: kreti, mkono, shati, mdomo wazi. Chini yake paliandikwa: *Wananchi wakishangilia ukombozi.*

Mama alikifunga kitabu. Kisha alivaa gauni lake la kutokea, akapanda basi hadi ofisi ya vitabu vya shule, akakaa kwenye benchi mpaka akaitwa. Alipokelewa na bwana mmoja mwenye tai. Maneno yao aliyasimulia mara nyingi hata sisi tunayajua kwa moyo.

"Huyu ni mimi," mama alisema. "Na sikushangilia."

"Mama, usiichukulie hivyo. Wewe hapo ni mfano tu."

"Mfano wa nini?"

"Wa furaha ya wananchi."

"Mimi nilikuwa namtafuta kaka yangu. Wapiganaji walimchukua."

Bwana mwenye tai aliguna, akaegemea kiti. "Pole sana. Unajua, mama, vita ni vita. Wapiganapo tembo, nyasi huumia."

"Mimi si nyasi," mama alisema. "Mimi ni dobi. Na yeye ni fundi baiskeli. Andika hivyo."

Bwana yule aliahidi kwamba toleo lijalo litarekebishwa. Na ahadi alitimiza, Mungu amwone! Mdogo wetu alipofika darasa la tano alileta toleo jipya, na chini ya picha ileile paliandikwa: *Raia aliyeunga mkono wakoloni akisalimu amri kwa kitambaa cheupe.* Picha haikuwa na rangi, ndugu zangu. Shati la manjano lilitoka jeupe. Aliyesema hakushangilia, basi bila shaka ni msaliti! Katika vichwa vya waandishi wale mwananchi wa kawaida ana kazi mbili tu wakati wa vita, kushangilia au kusaliti, na akiikataa moja hupewa nyingine. Kutafuta ndugu hakumo kwenye mtaala.

Tunasema bila kuficha kwamba toleo lile liliijeruhi nyumba yetu. Mdogo wetu aliitwa mtoto wa msaliti na akapigana shuleni hadi akavunjwa jino. Wateja wawili walihama. Mwanamke mwenye kovu la viboko mgongoni aliitwa kibaraka na watu ambao wakati wa vita hawakuwa wamezaliwa. Mama alirudi ofisini mara nyingi. Kila mara alimkuta bwana mwingine na tai nyingine. Mmoja alimuuliza, kwa upole kabisa, kama kweli aliutaka uhuru. Akamjibu, "Uhuru niliutaka, na kaka yangu nilimtaka. Nani alikwambia niliambiwa nichague?"

Toleo la tatu lilimaliza ubishi kwa mkasi. Kamanda yumo juu ya lori, jina lake limeandikwa, na cheo chake. Pembeni umebaki mkono mmoja unaotokea ukingoni mwa picha, umeshika ncha ya kitambaa. Chini hapakuandikwa kitu juu ya mkono huo. Mama alicheka alipouona, kicheko ambacho hatukukipenda. "Afadhali," alisema. "Mkono hausemi uongo."

Mwaka juzi presha ilimpanda, na mwaka jana akapata kiharusi kilichouchukua mkono wake wa kulia, uleule. Aliuweka kitako kuukanya: "Hata wewe?" Alijifunza kupiga pasi kwa mkono wa kushoto, na wateja walivaa mikunjo yao bila kunung'unika. Wauguzi wa wodi ya wanawake walimhudumia kwa moyo, na familia inawashukuru. Alirudi nyumbani kwa kuomba mwenyewe. Jumanne iliyopita asubuhi alikuwa amelala karibu na dirisha, akasikia ngurumo, akasema, "Mvua hiyo, anueni." Tulitoka kuanua. Tuliporudi alikuwa amekwenda.

Jana, kutoka ofisi ileile, lilikuja shada la maua lenye utepe wa dhahabu. Utepe uliandikwa: *Kwa mwananchi aliyeshangilia.* Yaani miaka yote ile ya mabasi na mabenchi, na mpaka kwenye jeneza lake wamerudi palepale walipoanzia! Familia ilikata utepe ikauchoma kwenye jiko la pasi. Maua tumeyaweka. Maua hayana kosa.

Marehemu ameacha watoto watatu: binti wa kwanza, muuguzi, binti wa pili, fundi cherehani, anayewasomea, na mwana wa mwisho, seremala kama baba yake, yule mwenye pengo la jino. Ameacha wakwe wawili, wajukuu saba, na kitukuu mmoja ambaye tayari ana rangi yake ya uzi.

Mpiga chapa wa karatasi hizi alituuliza swali moja ambalo hatukuweza kulijibu. "Huyu kaka yake nimweke wapi? Kwa waliomtangulia, au kwa aliowaacha?" Tulikaa sebuleni tukabishana. Kumweka kwa waliomtangulia ni kumzika mtu ambaye dada yake alikataa kumzika maisha yake yote. Kumweka kwa walio hai ni kuandika tusichokijua, na kwa hilo tungekuwa hatuna tofauti na wale wa ofisini. Kwa hiyo hamtamkuta kwenye orodha yoyote. Fundi baiskeli, mwembamba, hodari wa mluzi, hayupo kwenye kitabu chao wala kwenye karatasi yetu.

Ila shati lake tumekuja nalo. Mdogo wetu, lishike. Mabegani, mama alivyolishika. Juu zaidi, na ukosi ugeuze nje, uzi uonekane.

Wapo wazee hapa waliopanda malori yale. Tumewaona mkishuka kwenye magari, na tunawaheshimu. Hatuwaulizi kwa ugomvi. Tunauliza kwa niaba ya aliyelala hapa, kwa sababu safari ile mlimsikia vibaya: mwenye shati kama hili, nani kamwona?

Tutasubiri kidogo kabla ya kushusha jeneza.

Mama, weka mkono chini sasa. Apumzike kwa amani yeye aliyeuliza. Sisi tumeshika shati.