Kola Ishirini na Tatu

Kivuko cha kwenda Barra kilikuwa kimeshaiacha Banjul nyuma pale Sainey, fundi cherehani, alipoletewa kokwa chungu ya kola, ile ya kutafuna, hadi puani. Mama mmoja asiyemjua, bakuli mapajani, alikuwa akiwagawia abiria.

"Pokea, mwanangu. Ni sadaka ya wale waliolipuliwa juzi kwenye treni huko Ulaya. Redio imesema ishirini na watatu, nami nimenunua ishirini na tatu. Kila marehemu na yake."

"Una ndugu huko, mama?"

"Sina."

"Sasa? Mdogo wangu alizama na boti akienda hukohuko. Nani kule alimgawia mtu hata pipi?"

"Maskini! Pole sana, baba. Hilo sijui. Mimi nimesikia tu habari ya hawa, chakula kikanishinda."

"Sisemi hawakuonewa. Wameonewa, tena vibaya. Lakini sisi ndio tumeajiriwa kulia kila msiba wa dunia?"

"Nani kakuajiri? Nimekupa kola, sijakupa kazi."

Abiria wengine walikuwa wakitafuna kwa bidii. Sainey akageukia maji bila kuipokea kola, mikono kwapani, mpaka kivuko kikagonga gati na watu wakaanza kusukumana kushuka.

Mama akachungulia bakuli. Ilibaki moja.

"Sadaka hairudi nyumbani, unajua," akamwambia. "Haya, niambie wewe. Huyu mmoja nimpeleke wapi?"