Shangazi wa Chumba cha Katikati

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha, mhadhiri wetu wa Elimu na Maigizo anastaafu rasmi. Hilo neno "rasmi" nimeliweka makusudi. Sisi tunaomjua tunafahamu fika kwamba wiki inayofuata tutamkuta tena koridoni, kikombe cha chai iliyopoa mkononi, akiulizia miwani iliyokaa juu ya kichwa chake.

Mimi ni jirani yake wa ofisi, upande wa Idara ya Elimu. Kinachotutenga ni ukuta mwembamba, na ukuta huo umenitesa jamani! Mwaka wangu wa kwanza hapa nilisikia watu wakilia upande wa pili, kilio cha msiba kabisa, nikatoka mbio kwenda kuuliza nani kafariki. Nikakuta vijana wazima wa afya wamekaa sakafuni, wanajifunza jinsi mtoto wa darasa la kwanza anavyolia siku anapoachwa shuleni na mama yake. Mhadhiri wao akaniomba radhi, kisha akanikaribisha nikae nami nilie kidogo. Nilisema nina mitihani ya kusahihisha. Kusema kweli, niliona haya.

Sote tunamwita Shangazi. Mtoto wa kaka yake alikuja kusoma hapa, naye alionywa nyumbani kwamba darasani asithubutu kuleta undugu. Siku ya pili tu, katikati ya mhadhara, akanyoosha mkono na kusema kwa sauti ya mtu aliyekwama kwamba, Shangazi, hapo sijaelewa. Darasa zima likavunjika mbavu. Tangu hapo hakuna aliyemwita kwa cheo chake, na kwenye mahafali mkuu wa chuo mwenyewe, kavaa joho na kofia yake, alijikuta anamkaribisha Shangazi jukwaani.

Baba yake alikuwa fundi cherehani, na alitaka binti yake awe mwalimu, basi, hakuna mjadala. Binti alitaka jukwaa. Alipofika chuo kikuu alijiandikisha kotekote kimyakimya. Siku zile Idara ya Elimu na Idara ya Maigizo zilikuwa hazijuliani hali. Saikolojia ya mtoto ilifundishwa jengo la kulia, mazoezi ya jukwaani jengo la kushoto, na ratiba ziligongana kila siku. Alivuka kiwanja mbio, viatu mkononi, akachelewa huku na kule. Walimu wa Elimu walimwona msanii aliyepotea njia, wale wa Maigizo wakamwona mwalimu anayepoteza muda. Mwaka wa pili wakamweka kitimoto, wakamtaka achague upande mmoja papo hapo. Akasema Elimu. Alilia wiki nzima, halafu akaendelea kwenda mazoezini kama mzamiaji, akikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Huwa anacheka anapolisimulia, ila sauti yake hushuka.

Alipoajiriwa hapa aliomba kitu kimoja tu. Kati ya majengo yale mawili palikuwa na stoo ya viti vibovu, chumba kirefu chenye dirisha moja juu sana. Wakampa, wakidhani anatania. Akakifagia mwenyewe, akapaka kuta rangi ya maziwa, akaanzisha humo shahada ya kwanza hapa chuoni iliyosomesha ualimu na maigizo kwa pamoja, ratiba moja, mlango mmoja. Ndicho Chumba cha Katikati. Alasiri jua huingia kwa lile dirisha na kushuka polepole ukutani, vumbi la chaki likielea ndani yake, na ukikaa humo unasahau kwamba nje kuna ofisi ya uhasibu.

Humo ndimo alimofanyia kile alichokiita kurudi. Kila somo la mazoezi ya kufundisha huanza hivyo. Mmoja anajiandaa kuwa mwalimu, wengine wote wanafumba macho na kurudi utotoni, kila mtu kwenye umri wa darasa litakalofundishwa. Shangazi huwaongoza kwa sauti ya chini sana. Huwauliza dawati lao lilikuwa wapi, nani alikaa pembeni yao, begi lilinuka nini, walimwogopa nani. Anawaacha. Kimya kinatanda mpaka unasikia bomba likidondosha maji uani. Wanapofumbua macho hawaruhusiwi kuigiza mtoto yeyote isipokuwa yule waliyekuwa. Mara kadhaa nimechungulia mlangoni, na naapa nimeona nyuso za watu wenye ndevu zikiwa nyuso za watoto wa miaka minane.

Mwenyewe alikuwa wa kwanza kuzama. Siku moja aliwarudisha darasa la pili, naye akaenda moja kwa moja. Kengele ikalia, wanafunzi wakasubiri, wakachoka, wakatoka kwa ncha za vidole. Mfagizi alimkuta jioni amekaa kwenye kiti cha mbele, mikono juu ya dawati, anatabasamu. Alipoguswa bega aliomba ruhusa ya kwenda kunywa maji.

Miaka tisa iliyopita habari ikavuja kwamba kozi inavunjwa. Chuo kiliunda kamati ya kupunguza kozi mchanganyiko, na pendekezo lilikuwa wanafunzi wa ualimu warudi kwetu, wa maigizo waende kwao, na Shangazi achague idara moja. Achague! Mwanamke mwenye mvi, kwa mara ya pili maishani. Sijawahi kumwona vile. Hakugomba wala hakulalamika kwa mtu. Alikuwa anasimama tu katikati ya kile chumba, funguo mkononi, kama mgeni asiyejua akae wapi.

Kabla ya kuamua, kamati ililazimika kuhudhuria somo moja. Wakaja, wakapangwa nyuma. Mwenyekiti wao alikuwa mwalimu wa hisabati wa zamani, mtu wa kunyoosha mambo, asiyecheka ovyo. Somo lenyewe lilikuwa hesabu za sehemu, za darasa la tano. Shangazi akawarudisha vijana wake kama kawaida, kisha kijana aliyepangwa kufundisha akashika chaki. Masikini ya Mungu, alikuwa na hofu ya kamati hata akasahau kugeuka. Aliandika, akafuta, akaandika, akiongea na ubao.

Kwenye dawati la nyuma kabisa, mbele ya mwenyekiti, alikaa mwanafunzi wa mwaka wa pili, dada mrefu mwenye sauti ndogo. Alinyoosha mkono nusu, akaushusha. Akanyoosha tena, akaushusha. Akaanza kunakili namba asizozielewa, na machozi yakamdondokea daftarini. Mimi nilikuwa mlangoni, nikaona yote.

Mwenyekiti naye aliona. Akaweka faili lake chini, akachuchumaa kando ya dawati pamoja na suti yake na magoti yake ya uzee. Akachukua karatasi ya ajenda ya kikao, akaikunja nusu, akaikunja tena, akamwonyesha robo, akamwonyesha robo mbili, akamuuliza kwa upole ni kitu gani hicho sasa. Dada akanong'ona kwamba ni nusu. Mwenyekiti akamwambia asiogope, mwanangu, hata yeye sehemu zilimsumbua alipokuwa mdogo. Halafu akamuuliza yuko shule gani, na mwalimu wake wa darasa ni nani.

Shangazi aliinua kidole kimoja, na hakuna aliyethubutu kucheka. Yule dada, futi sita kasoro, hereni masikioni, akajibu kwa adabu jina la shule yake ya msingi na la mwalimu wake wa darasa la tano. Ndipo mwenyekiti akamtazama vizuri. Akavua miwani, akaifuta kwa tai. Kisha akamwomba kijana wa ubaoni, kwa heshima zote, ageuke aone wanafunzi wake.

Baadaye tulijua kwamba dada yule hakuzidisha chumvi hata kidogo. Alikuwa amerudi kweli. Darasa la tano sehemu zilimpita, akaona aibu kuuliza, na aibu hiyo alikuja nayo mpaka chuo kikuu. Siku ile ndipo alipozielewa. Sasa anafundisha hisabati shule ya msingi, na nimesikia watoto wake wananyoosha mikono mpaka inakera.

Kwenye kikao, mwenyekiti aliwaambia wenzake kwamba maisha yake yote amekwenda kukagua walimu, na siku ile kwa mara ya kwanza alimwona mwanafunzi. Kozi ikabaki. Lakini waliweka sharti: itabaki maadamu Shangazi yupo.

Mnaona sasa kwa nini mwaka huu hatukuwa na usingizi. Kila tulipomuuliza atafanya nini akistaafu alisema atalala mchana, kisha akauliza chumba kitapewa nani. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walishaanza kuulizana nani aende kulia na nani kushoto. Idara ya Elimu ikasema mrithi atoke kwetu, Idara ya Maigizo ikasema kwao, na vikao vikageuka ugomvi wa mawifi. Mwisho mwenzangu wa Maigizo, mtu mwenye kelele kuliko wote niliowahi kuwafahamu, alinifuata ofisini na kuniuliza kama naweza kuvumilia kufundisha naye, wawili, somo moja, kwa wakati mmoja. Nilimwambia siwezi. Kesho yake tukaenda pamoja kwa mkuu wa chuo kuomba kozi tuirithi wote wawili, na Ijumaa iliyopita sharti likafutwa.

Tulipompa habari, Shangazi alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, akashika mkono wangu na wa mwenzangu, akalia waziwazi, na safari hii nami nilikaa nikalia.

Shangazi, asante kwa miaka yote, asante hata kwa kelele. Ulale mchana hadi jua lizame, ule vizuri, afya ikukae mwilini, na ndoto zako ziwe ndefu zisizo na kengele. Jumatatu saa mbili wanafunzi wapya wanaingia, baadhi wanataka ualimu, baadhi wanataka jukwaa, na wengine bado hawathubutu kusema kwamba wanataka yote mawili. Tutawafungulia mlango, na hakuna hata mmoja atakayeambiwa achague.