Santuri au Sidii: Kesi ya Albamu ya Pazia

— Mjomba, mbona mwezi huu redio zinarudi?

Hoja aliuliza hivyo asubuhi, kahawa haijamiminwa. Mjomba wake aliendelea kufuta vumbi kwenye amplifaya kwa brashi ya rangi, kana kwamba aliyeuliza ni kalenda ya ukutani.

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao lililobanwa kati ya kibanda cha fundi redio na duka la kinyozi, lina mguu mmoja mfupi uliowekewa kipande cha tofali, na kila anayekaa upande huo hujikuta anakubaliana na mwenziwe bila kutaka. Fundi redio, mjomba wake Hoja, mtaa mzima humwita Lehemu, maana miaka thelathini hajawahi kunuka kitu kingine. Sifa yake ilikuwa masikio. Ulikuwa ukimletea redio mbovu haifungui kwanza. Anaiwasha, anainamisha kichwa kama kuku anayemsikiliza mwewe, kisha anakutajia kilichokufa humo ndani. Lakini mwezi huo redio tatu zilikuwa zimerudi, na wenyewe wote wamesema neno lilelile: “Bado inalia.” Na saa sita mchana mshonaji wa mtaa wa nyuma angekuja kuchukua amplifaya yake. Hii ikirudi itakuwa ya nne, na fundi hauawi na kukosa kazi, huuawa na kazi inayorudi. Hoja, mpwa wake, aliyepewa jina hilo chuoni kwenye klabu ya midahalo na likizo hii amekuja nalo mpaka nyumbani, alikuwa amelihesabu jambo hilo na likamnyima usingizi.

Amplifaya ilikuwa inajaribiwa kwa albamu ya Pazia. Wao waliiita hivyo kwa picha ya jaladani: pazia jeupe limepeperushwa dirishani, hakuna mtu. Ni muziki wa vijana wa zamani waliokuwa wakisimama jukwaani wameinamisha vichwa kama walioitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, macho kwenye viatu, kwa sababu miguu ndiyo ilikuwa na kazi ya kukanyaga vidude vya kuvuruga sauti ya gitaa. Gitaa huvuma kama mabati kwenye upepo, na nyuma yake kuna mwimbaji wa kike anayesikika kama yuko nyumba ya tatu, na mlango kafunga. Lehemu alikuwa nayo kwenye santuri tangu ujana wake. Wiki hiyo mwalimu mstaafu wa hesabu, jina la kijiweni Desimali, alikuwa ameipata kwenye sidii, akaja nayo kifuani kama mtu aliyebeba matokeo ya mtihani. Vita vikaanzia hapo.

— Santuri ina joto, alisema Wembe, yule kinyozi, akijimiminia kikombe cha pili. Sidii ni maji ya friji.

— Joto hupimwa kwa kipimajoto, Wembe.

— Wewe ukiugua, mkeo anakupima kwa kitu gani? Si anakuwekea mkono kwenye paji? Basi santuri ni mkono wa mkeo. Sidii ni daktari ambaye hata hajainua macho.

Desimali alivua miwani, dalili kwamba darasa limeanza.

— Sikiliza, bwana. Sidii ni namba. Kila sekunde sauti imekatwa vipande elfu arobaini na nne na mia moja. Hakuna kinachopotea.

— Nikikukata wewe vipande elfu arobaini na nne, utasema hakuna kilichopotea?

— Na mia moja, Hoja aliongezea kutoka kwenye stuli yake.

— Binti, kaa kando kidogo, Wembe alisema. Mambo ya santuri yanataka mtu aliyezaliwa kabla ya simu.

Hapo ndipo alipokosea. Hoja alisimama. Chuoni walikuwa wanajua kwamba akisimama hivyo, mkono mmoja kiunoni, mwenyekiti huangalia saa na kukata tamaa.

— Kwa hiyo masikio yangu hayajatimiza umri wa kupiga kura? Wazee wangu, mmekaa hapa tangu asubuhi mnatetea vitu viwili ambavyo hakuna hata mmoja wenu amevipima. Huo si mjadala. Huo ni ushabiki wenye kahawa.

— Anakuja juu, Wembe alimwambia Desimali.

— Mwache, mtoto wa dada ya mtu.

— Mimi nina wahenga upande wangu, Wembe alisema. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sindano inaanzia ukingoni, inazunguka, inazunguka, inarudi katikati. Walikuwa wanazungumzia nini kama si santuri?

— Wahenga hawakuwa na santuri! Hoja alimkatiza.

— Ndiyo maana tunawaita wahenga. Waliona mbali.

— Sidii, kwa taarifa yako, inaanza kusomwa katikati, inakwenda nje, Desimali alisema taratibu. Kinyume kabisa.

— Umeona? Haina adabu.

Lehemu alitabasamu bila kuinua kichwa. Hoja aliliona tabasamu lile, likamtuliza kidogo. Mjomba akicheka, mambo hayajaharibika.

— Na tusisahau, Wembe aliendelea, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Santuri inatembea polepole, ina heshima zake. Hiyo yako inazunguka kama inafukuzwa na mgambo. Halafu santuri hukua. Ndiyo, hukua! Sindano ni jembe. Kila ukipiga unalima, na ukilima kinaota kitu. Ile ya Lehemu mwaka juzi haikuwa na mlio ule mwembamba. Sasa unao.

— Mlio upi? Desimali aliuliza.

— Ule ulio juu kabisa, kama mbu aliyesoma. Uko nyuma ya gitaa zote, haukatiki. Hiyo ndiyo roho ya albamu, na imeota yenyewe. Nimewanyoa watu ndevu huku unalia, wembe unateleza wenyewe.

— Mlio huo kwenye sidii unasikika safi zaidi! Desimali alipiga goti. Nimeupigia mahesabu. Kwa kadirio langu ni mizunguko elfu nane kwa sekunde. Wale vijana waliuweka makusudi, ni ujumbe wa hesabu. Nilianza kuufumbua Jumatano. Nimefika kwenye namba tasa.

Lehemu alikuwa anatikisa kichwa kukubali, kama alivyotikisa kila mlio huo ulipotajwa.

— Nyote mmekosea, alisema Hoja, na sauti yake ikawa ile ya fainali. Mlio huo ni yule mwimbaji. Fikirini. Wanaume wanne na gitaa zao wamemsukuma nyuma ya ukuta wa makelele, hata neno lake moja halieleweki. Anafanya nini? Anapanda juu mpaka mahali ambapo gitaa haziwezi kumfuata, anabaki huko, hanyamazi kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Miaka thelathini watu wanabishana habari ya plastiki, hakuna aliyemsikiliza!

Wembe alikuna kidevu.

— Hapo kuna kitu, alikiri. Alikuwa amekaa upande wa tofali.

— Basi tupime, Hoja alisema. Kwa haki.

Alichukua shuka aliyofunikia mjomba wake vyombo vya wateja, akazifunika mashine zote mbili, ya santuri na ya sidii, zilizounganishwa na amplifaya, mkono wake ukabaki chini kwenye swichi. Wimbo wa pili, ule unaoanza kwa matoazi, yanaingia kama mtu kamwaga vijiko sakafuni, halafu gitaa. Angepiga moja, kisha nyingine, nao waseme ipi ni ipi.

Akapiga ya kwanza.

— Hiyo! Wembe aliruka, kikombe kikamwagika. Joto! Nasikia mkono wa mke! Santuri hiyo!

Hoja akainua pembe ya shuka. Sidii.

Desimali alicheka hadi akakohoa. Kisha zamu yake ilipofika, akafumba macho, akahesabu kwa vidole, akatangaza kwamba usafi ule hauwezi kuwa kitu kingine ila sidii. Ilikuwa santuri. Akavaa miwani haraka, kana kwamba tatizo lilikuwa macho.

— Mjomba? Hoja aliuliza. Wewe ndiwe jaji.

Lehemu aliweka brashi chini.

— Santuri imechakaa, alisema. Yale matoazi ya mwanzo sindano imeshayala yote.

— Kikulacho ki nguoni mwako, Wembe alisema kwa huzuni.

— Na hao wa sidii nao wameyakata. Zote zimefifia, kama mtu kazitia pamba. Sijui siku hizi spika zinatengenezwa na nani.

Matoazi Hoja alikuwa ameyasikia mara mbili, vijiko vyote, hadi kile cha mwisho kinachochelewa. Huwezi kusimama mbele ya mtu aliyekufundisha tofauti ya nyuzi mbili za gitaa ukiwa na miaka sita, ukamwambia matoazi yapo.

Wakati huo mshonaji alifika, futi ya kupimia imening’inia shingoni, saa sita haijatimia. Akasalimia wazee, akaitikiwa, akaambiwa asubiri kidogo, kesi iko kwenye hukumu. Akabaki amesimama. Hoja aliinua mkono wa santuri, akaizima sidii, ili waanze raundi nyingine wakiwa wametulia.

Mshonaji akasikiliza. Akatazama shuka, akatazama spika.

— Samahanini jamani, alisema. Kama zote mbili zimesimama, hiki kinacholia ni nini?

Hoja akaiinua shuka, mashine zote mbili zimesimama.

Mlio ulikuwepo. Mwembamba, juu kabisa, bila gitaa, bila pazia, bila mwimbaji. Ulikuwa unatoka kwenye amplifaya, mtupu kama msumari. Wembe aliangalia kikombe chake. Desimali aliangalia mbali, na namba zake tasa zikaenda naye. Hoja alihisi uso unamwaka. Mwanamke aliyemtetea kwa dakika nzima hakuwa mwanamke, ilikuwa hitilafu ya umeme. Lakini aibu hiyo haikumkaa hata sekunde mbili, kwa sababu mjomba wake alikuwa amegeuka, anawatazama mmoja baada ya mwingine.

— Kinalia nini?

— Ni mbu, Wembe alisema.

— Wembe.

— Mimi mwenyewe siusikii vizuri, Lehemu. Wallahi.

— Umeuhubiri saa nzima. Umesema unanyolea watu ndevu.

Lehemu aliinama, akaweka sikio la kulia kwenye spika, halafu la kushoto. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hoja alikuwa na hoja kamili mkononi, ushahidi wa redio tatu, matoazi, yote, hoja isiyopingika ambayo kwenye ukumbi wowote ingemletea kikombe, na alitamani angekuwa nayo mtu mwingine.

— Mjomba, alisema, na hakusimama. Upo. Ni mwembamba sana. Upo tangu Jumanne ulipoirudishia kifuniko.

— Na zile redio?

— Nafikiri nazo zilikuwa nao.

— Nikawaambia wenye redio ni masikio yao.

— Ndiyo.

Lehemu akakaa kwenye benchi, upande wa tofali, mikono magotini. Kwa mara ya kwanza Hoja aliuona mkono wa fundi hauna kitu cha kushika. Alijua anachofikiria, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anakifikiria: kibanda, jina, miaka thelathini ya kuinamisha kichwa.

Mshonaji ndiye aliyeingilia kati, na aliingilia kama mtu anayeuliza bei ya vifungo.

— Fundi, mimi sioni tundu la sindano huu mwaka wa nne.

— Wewe?

— Mimi. Kila asubuhi binti yangu ananitungia sindano kumi na mbili, ananichomekea kwenye mto, anakwenda shule. Lile gauni la harusi ulilolisifia kwa jirani yako nimelishona mimi. Uzi anatunga mwingine, mshono ni wangu. Nilipokwenda kupimwa nilipewa na miwani, ya kusomea. Nilichelewa kwenda kwa kiburi tu.

— Hukuwahi kusema.

— Ulikuwa hujaniuliza. Mimi naisubiri amplifaya yangu hapahapa, sina haraka. Kahawa ipo?

— Imebaki ya kikombe kimoja, alisema Desimali, akampa.

Lehemu alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani, lakini Hoja alikifahamu. Mzee akanyanyuka, akaiburuta amplifaya mpaka kwenye mwanga wa mlangoni, akafungua skrubu nne, akaziweka kwenye kifuniko cha chupa ya kahawa kwa mpangilio wake wa siku zote. Akachungulia ndani. Vidole havikusita hata kidogo. Vilikuwa vinajua njia.

— Itakuwa hapa, kwenye kapasita hizi, vipipa vya kutunzia umeme, za karibu na transfoma, alisema. Au kiungo kimojawapo cha lehemu hakikushika. Kapasita na viungo, vyote viko kama ishirini.

Akatafuta kijiti kikavu cha mwanzi, kisichopitisha umeme, akakinoa ncha kwa kisu, amplifaya ingali inawaka. Wembe na Desimali walisogea wenyewe, bila kuambiwa, wakaacha nafasi kwenye benchi.

— Hoja, sogeza stuli yako hapa, alisema Lehemu. Jumatatu utanisindikiza kliniki ya masikio. Leo tuna kazi ya watu. Nitavigusa kimoja kimoja. Mlio ukikatika, niambie.