Betri Iliyorudi Bombo

Noah yetu ya abiria ilikuwa inapanda mlima kwenda Bombo ndani ya ukungu. Mama mmoja alikuwa amepakata betri ya baiskeli ya umeme, kaifunga kwenye kanga pamoja na chaja yake.

"Wamefuta tena tangazo langu mtandaoni," alimwambia kijana aliyekaa naye. "Eti mtu binafsi haruhusiwi kuuza betri, zinalipuka."

"Basi mama, uza baiskeli bila betri."

"Nani ataupanda mlima huu kwa miguu yake?"

"Muuzie mtu wa Bendera, kule ni tambarare."

Mama akatazama nje. "Marehemu mume wangu alikuwa anarudi na baiskeli hiyo usiku, kimyakimya. Sisi nyumbani tunaona taa yake tu, inapanda yenyewe kwenye ukungu."

Nikajifanya nimelala, kama abiria mwenye adabu.

"Sasa kama unaiuza," kijana akauliza, "mbona umetoka kuichaji?"

Gari likasimama. Mama akashuka nayo taratibu.

"Ili taa iwake."